Kelele Kabla ya Babu

Siku hizi nachoka hata kabla sijaanza kazi. Jumamosi iliyopita nilikuwa nafua kwenye veranda ya nyumba ninayopanga huku Syokimau, kiuno kinauma, nguo haziishi, mara kijana wa mlango wa pili akaweka muziki. Gitaa likanguruma, ngoma zikafuata, nami nikaliacha shati ndani ya beseni. Muziki ule niliujua nikiwa darasa la nane, kwa susu yangu kule Ndithini.

Susu ndivyo tunavyomwita nyanya Ukambani, na wangu ndiye aliyenilea. Nyumba yake ilinukia moshi na mbaazi mbichi. Maji niliyateka kabla ya shule, kuni niliziokota baada ya shule, na Jumamosi ilikuwa yangu kuanika betri za redio kwenye jiwe la uani ili jua lizirudishie nguvu kidogo. Wewe wa umri wangu hilo jiwe unalijua.

Mwalimu wetu kijana alikuja na albamu kutoka mjini. Ilikuwa ya kwanza ya bendi ya roki nzito ambayo wanaume wake wote walikuwa wameshapata majina, kila mmoja kwenye bendi yake, ndipo wakaungana. Nilipoisikia nilitamani iwe yangu hadi nikakosa usingizi. Mwalimu alikubali kunirekodia, ila niipate kaseti mwenyewe.

Kaseti nyumbani ilikuwa moja tu. Babu alifanya kazi bandarini Mombasa, na kwa kuwa susu hakujua kusoma, barua zake alizisema kwenye kaseti. Hii ilikuwa ya mwisho. Aliahidi kurudi Krismasi, akarudishwa ndani ya jeneza. Vile vidude viwili vya plastiki vya mgongoni mwa kaseti babu alikuwa amevivunja mwenyewe, asije mtu akarekodi juu ya maneno yake. Nilijua maana ya yale matundu yaliyobaki. Niliyaziba kwa karatasi nikampelekea mwalimu, nikijidanganya kwamba tangu mazishi susu haisikilizi.

Jumapili moja baada ya kanisa akaiomba. Niliitia kwenye redio nikabonyeza, na gitaa likajaa nyumba nzima. Susu alibaki na mbaazi kiganjani.

"Hii ni nini? Babu yako ako wapi?"

Nilimwambia ukweli huku nikilia. Albamu ilikuwa imemeza karibu upande wote, kikabaki kipande kifupi mwishoni. Nilisubiri kofi. Nikasema niizungushe kwa kalamu, nimfikishe pale upesi.

"Wacha iende," akasema. "Huyo mzee nilikuwa namngoja mpaka Krismasi. Nitashindwa kungoja hawa watu wamalize kelele yao?"

Basi tukangoja, yeye akiambua mbaazi, mimi nikiwa sina pa kutazama. Kelele ikaisha, pakawa na mkwaruzo, kisha babu akakohoa. Alisema mbuzi mweusi asiuzwe. Alisema yeye yuko mzima, ni joto tu linamsumbua. Akamuaga susu, kaseti ikakatika. Yale mengine yote aliyomwambia niliyafuta mimi.

Tangu siku hiyo, kila Jumapili tulisikiliza hivyo hivyo, mwanzo hadi mwisho. Susu alizizoea zile nyimbo. "Hawa ni kama kwaya tatu zimekutana kwa mazishi," alinung'unika, "kila mtu anataka asikike." Ngoma za wimbo wa mwisho zikianza, alikuwa anapangusa mikono na kujifunga leso vizuri. Hakunichapa, wala hakunitajia tena lile kosa. Nami sikumwomba msamaha, na hilo ndilo linalonichosha kuliko kufua.

Susu hayupo tena. Nyumba iliposafishwa baada ya kumzika, kaseti iliondoka na takataka, nami nilikuwa jikoni napikia wageni.

"Auntie, iko juu sana?" kijana akaniuliza akichungulia. "Nipunguze?"

"Wacha iende," nikamwambia.

Siku hizi albamu ile inasikika safi, haina hata mkwaruzo. Ngoma za wimbo wa mwisho zilipoanza nilijikuta napangusa mikono kwenye leso. Wimbo ukaisha. Nikasimama pale, nikingoja mzee akohoe, na kijana akaweka muziki mwingine.