Malkia Wawili na Kopa Tatu Mezani

Watu wa mtaani kwetu Bombambili wameshasema sana kuhusu mimi na karata, na sina mpango wa kuwanyamazisha. Ndiyo, mimi ni mwalimu wa fizikia, mama wa watoto watatu, najifunga ushungi wangu vizuri, na kila Jumapili baada ya swala ya alasiri nakwenda kucheza poka kwenye baraza la bwana shamba mmoja mstaafu. Hatuchezi kwa hela. Tunatumia korosho zenye maganda anazoniletea kaka yangu kutoka Nakapanya, na mchezo ukiisha zote zinarudi kwenye ndoo. Mume wangu alikuja siku moja kuhakikisha. Akanywa chai, akachoka kututazama, akarudi nyumbani.

Tulikuwa wanne: mimi, mzee mwenye baraza, shoga yangu ambaye ni nesi, na mpima ardhi mmoja aliyehamishiwa Songea kikazi. Huyo mpima ardhi ndiye aliyetufundisha. Kila mtu anapewa karata mbili za siri, huo ndio mkono wake. Halafu mezani zinafunuliwa tano za wote, kwanza tatu kwa pamoja, kisha moja, kisha ya mwisho. Kabla ya kufunua, na kila zikifunuliwa, tunazunguka meza: unaweza kupita bila kuweka kitu, unaweza kuweka korosho, na mwenzako akishaweka unamfuata au unajitoa. Mwenye karata nzuri kuliko wote anazoa fungu: mbili zinazofanana ni nzuri, tano za mfuatano zinazipita, na tano za aina moja, kama kopa tupu, zinazipita zote hizo. Au anayebaki peke yake, wengine wakishakimbia.

Shida yangu ilikuwa kiti. Mzee alikaa kushoto kwangu, na mchezo unakwenda kushoto, kwa hiyo karibu kila mara mimi nilisema kabla yake na yeye akasema baada ya kuniona. Niliwahi kumwomba tubadilishane.

"Mwalimu, hapa nimekaa tangu nilipojenga nyumba hii," akanijibu.

Basi nikawa nasema kwanza. Kwetu, nilipokuwa binti, vikao vya ukoo mwanamke alivisikilizia mlangoni, na akiulizwa neno anaulizwa mwisho, mambo yakiwa yameshaamuliwa. Shuleni ninapofundisha hali haijabadilika sana. Leo nimepata mahali ambapo sheria yenyewe inanitaka nitangulie kusema, halafu kila mtu ananishauri nipite! Mpima ardhi aliniambia kwa nia njema kabisa: ukiwa mbele, hujui wa nyuma yako wana nini, kwa hiyo cheza mikono michache tu, iliyo mizuri. Mzee hakuwa na nia njema. Yeye alikuwa akigonga meza kwa kidole kabla sijafungua mdomo. "Pita, mwalimu. Pita tuendelee."

Jumapili ninayoikumbuka ilikuwa ya Juni, ile baridi inayofanya watu wavae makoti mchana kweupe. Mpima ardhi aligawa. Nikainua ncha za karata zangu nikaona malkia wawili. Malkia wawili ni mkono mkubwa, lakini ni mkono wa wasiwasi. Unatangulia vizuri, halafu kila karata inayofunuliwa inaweza kukupindua.

Nikaweka korosho za kutosha. Mzee akafuata, nesi akajitoa, mpima ardhi akafuata. Zikafunuliwa tatu: kumi ya kopa, tisa ya kopa, na tatu ya pau. Hakuna ree wala mfalme, karata zinazompita malkia, kwa hiyo huenda nilikuwa mbele. Lakini mwenye kopa mbili mkononi alikuwa anasubiri kopa ya tano tu, na mwenye gulamu na nane naye alikuwa anasubiri saba au malkia akamilishe mfuatano.

"Pita," mzee akasema.

Nikaweka, na safari hii nyingi. Mzee akafuata bila hata kufikiri. Mpima ardhi akatupa karata zake, akajipulizia vidole kwa baridi. Ya nne ilikuwa mbili ya shupaza, karata isiyomsaidia mtu. Nikaweka tena. Mzee akafuata tena, ila sasa bila kugonga meza.

Ya mwisho ikatoka: tano ya kopa.

Kopa tatu mezani. Nesi aliguna. Mzee akajiegemeza, akanitazama kama mtu anayemhurumia mtoto.

"Sasa mama, hapo hata wewe unaona. Pita, usijiaibishe."

Nakiri kwamba nilitaka kupita. Hesabu zote nilizokuwa nazo zilisema hivyo. Lakini nilikuwa nimeshachoka na lile neno. Kama ana kopa, azioneshe kwa gharama, siyo kwa kuniamuru. Nikazungusha mikono miwili nyuma ya korosho zangu zote nikazisukuma katikati. Chache zikaanguka sakafuni na hakuna aliyeinama kuziokota.

"Zote?" mzee akauliza.

"Zote, mzee."

Alifunua ncha za karata zake mara mbili. Alinitazama usoni, akatazama meza, akanitazama tena. Niliwaza majaribio ya fizikia ya kidato cha tatu yaliyokuwa yananisubiri kusahihishwa nyumbani, ili uso wangu usiseme kitu. Hatimaye akazifunua mbele ya wote: ree na kumi, hakuna kopa hata moja.

"Najitoa," akasema. "Haya, onesha zako. Ulikuwa na kopa, siyo?"

Kumi yake na ile ya mezani dhidi ya malkia wangu wawili! Nilikuwa mbele muda wote. Nikachukua karata zangu zikiwa zimelala, nikazichomeka katikati ya pakiti.

"Nimekwambia onesha!"

"Ungefuata ungeona, mzee wangu."

Mzee akamgeukia mpima ardhi. Yule akashusha macho, akasema kwa sauti ndogo kwamba sheria ndivyo ilivyo, hakuna wa kunilazimisha nioneshe.

Tulipokuwa tunatoka nilimwambia mpima ardhi peke yake nilikuwa na nini. Akacheka, akasema nilikosea: ningepita, mzee naye angepita na kumi zake, na ningeshinda vilevile bila kuhatarisha korosho zangu zote. Huenda ni kweli, yeye ndiye fundi. Nilimwambia nikipewa tena malkia wale wale, kwenye kiti kile kile, nitasukuma zote tena.

Mzee hakunifukuza kwenye baraza lake. Jumapili iliyofuata nilimkuta ameshaweka chai.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Akanimiminia kikombe. "Hivi siku ile ulikuwa na nini?"

"Karata mbili."

Akasonya, akaanza kuchanga karata.