Stendi ya Pikipiki ya Baba

Harufu ya chuma kinachochomelewa hunikaba mpaka leo. Nikikaribia mtaa wa mafundi pale Karatu mjini huvuka barabara, na wenzangu hudhani nahofia macho yangu. Sihofii macho. Namkwepa baba, kama alivyosimama pale nilipokuwa msichana wa shule ya msingi.

Alikuwa na pikipiki ya zamani, yenye tangi la mviringo na taa kubwa kama sahani, aliyoachiwa na padri mmoja aliyerudi kwao. Aliifuta kwa kitambaa laini hata kabla ya kunywa chai. Mama aliiita "mke mwenzangu", na akikasirika alitishia kuifungia ndani na kuku. Ubovu wake ulikuwa mmoja tu, stendi, kile chuma cha kuisimamishia. Ilikuwa nyembamba, imepinda, na kwetu Daa mvua ikinyesha udongo mwekundu uliimeza. Baba hakujali. Nyumbani aliiegemeza kwenye ukuta wa ghala la mahindi, na gulioni alibaki ameikalia, mguu wa kushoto chini, akipiga soga huku mama akishusha madumu ya maziwa.

Masika moja akaanza kuanguka nayo. Alianguka mlangoni kwetu, akaanguka tena mbele ya kanisa, waumini wote wakitoka, koti lake la Jumapili likajaa tope. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Naye alicheka, akajipangusa, akasema, "Stendi hii itaniua." Tukamwamini. Hakuna aliyejiuliza stendi inahusikaje na mtu ambaye bado ameikalia pikipiki.

Ndipo akanipakia mbele kwenye tangi, tukaenda mjini polepole mno, hadi kwa Fundi Shabani. Baba alitoa kwenye mfuko kipande cha chuma cha plau lililovunjika, akataka kichomelewe kwenye stendi, na chini yake liwekwe bamba pana lisilozama.

Fundi alikipima mkononi, akatikisa kichwa. "Mzee wangu, hiki kizito. Stendi itakusumbua kuipandisha kwa mguu."

"Weka tu, fundi. Haitapandishwa mara nyingi."

Nilisikia, lakini nilikuwa nimetekwa na cheche. Kazi ilipokwisha baba alinikalisha juu ya pikipiki, akaitikisa kwa nguvu zake zote, nayo haikuyumba. Nilipiga makofi. Yeye aligeukia pembeni akajifuta uso kwa kofia, nikadhani ni moshi.

Kabla ya mavuno mguu wa kushoto ulikuwa umekufa, ukafuata wa kulia, kisha mikono. Madaktari walitutajia jina la ugonjwa, hawakututajia dawa. Baba alilala chumba cha mbele, mlango wazi, akiitazama pikipiki yake uani. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba siku ile kwa fundi alikuwa ameshajua. Aliitafutia pikipiki mguu, kwa kuwa wake ulikuwa unakufa. Na alilibeba hilo peke yake, sisi tukicheka.

Tulimzika zamani. Pikipiki ipo palepale, matairi yameoza, kuku wanataga chini ya tangi. Wageni huisukuma kwa mzaha, kisha husifu kazi ya fundi. Mimi sifa hizo hazinifariji hata kidogo. Ziko asubuhi natoka nje nikitamani niikute imeanguka kwenye tope, na baba yuko chini yake, anacheka, anailaumu stendi.