Sema Yaishe

Shangazi yangu hakuwa na uongo wa kumpa mtoto. Kwa watu wazima alijikaza kama sisi sote, akimwambia mtu amependeza huku anatazama pembeni, lakini mtoto hata wa miaka miwili alipewa kweli tupu. Mama akiondoka mtoto akaanza kulia, walezi wengine husema, "Mama anarudi sasa hivi." Yeye alimbeba mpaka dirishani akamwonyesha ukuta wa mbele. "Jua likifika pale kwenye ufa, mama yako anakuja. Sasa hivi haji. Lia kidogo, halafu tule." Mtoto analia kidogo, halafu anakula.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, kulea watoto wa wanawake wa sokoni. Chumba chake kilikuwa nyuma ya maduka: mikeka miwili, beseni kubwa la bluu, kamba ya nepi kutoka ukuta hadi ukuta, na mlango wenye komeo juu kabisa, ambalo mtoto halifikii hata akipanda ndoo. Zamani alikuwa mfuaji kwa dobi, mpaka sabuni ikamla vidole na goti likamgomea. Mume alikuwa naye, akafa. Mtoto hakujaliwa. Ukimpa pole anakuuliza, "Pole ya nini? Huoni hawa wanavyonikojolea?" Kibanda changu cha kutengeneza redio na simu kilikuwa ng'ambo ya kichochoro, kwa hiyo nilimwona mchana kutwa, na asubuhi nikichelewa kufungua alinisema mbele ya wateja wangu.

Sauti yake ndiyo iliyomponza. Ilikuwa nzito, ya kukwaruza, kama mlango wa stoo. Siku moja mtayarishaji wa michezo ya redio, ambaye ofisi yao ilikuwa ghorofani karibu na soko, alikuja kuchukua simu yake kwangu, akamsikia shangazi akimkaripia mtoto aliyekuwa anakula sabuni. Akasimama mdomo wazi.

"Nani huyo?"

"Shangazi yangu."

"Namtaka."

"Alishaolewa mara moja, anasema inatosha."

Alimtaka kwa mchezo. Ulikuwa unahusu kijiji cha zamani ambako visima vimekauka na watoto wanaugua, na watu wanamsaka mchawi. Wanamkamata mjane mmoja mfinyanzi. Mjane anakana, anakana, hadi hakimu anamwambia akikiri ataachiwa, asipokiri atakufa. Kipindi cha tano anakiri. Kipindi cha sita, cha mwisho, anasimama mbele ya kijiji kizima na kufuta maneno yake.

Shangazi alisikiliza habari hiyo huku anakamua nepi. "Huyu mama amefanya au hakufanya?"

"Hakufanya," mtayarishaji akasema.

"Basi kwa nini anasema amefanya?"

"Ili aishi."

Akafikiri. "Basi nitasema polepole. Mtu anayesema uongo wa kuokoa roho yake hapigi kelele."

Naye alisema polepole. Maneno aliyashika kichwani kwa kuyarudia akiwa peke yake, jioni watoto wakishachukuliwa, anafua na kusema, anasuuza na kusema. Kipindi cha tano kilipotoka soko zima lilitega sikio. Hakimu akauliza, kukawa kimya, kisha ile sauti ya kukwaruza ikaja chini chini: "Ndiyo, ni mimi. Nilimtazama mtoto wao machoni, akaanza kutetemeka." Mimi niliyejua kwamba aliyasema huku amevaa ndala zangu nilihisi baridi mgongoni. Kesho yake wanawake walimpongeza. Mama Vitunguu, aliyeitwa hivyo kwa sababu hajawahi kuuza kitu kingine, alicheka mpaka akashika mbavu: "Mama wewe! Nusura nizime redio!"

Mama Vitunguu alikuwa na mtoto wa kiume, mnene, mcheshi, aliyelelewa na shangazi tangu hajaweza kukaa. Wiki hiyohiyo, alipokuja kumchukua, shangazi alimwambia alichomwambia kila mama akiona jambo: "Mwanao leo hayuko sawa. Macho yake siyapendi. Mpeleke hospitali." Mama Vitunguu alikuwa na magunia ya kupakua. Akasema kesho. Usiku mtoto akapanda homa, akashikwa na degedege, akawa anatetemeka mwili mzima huku macho yamegeuka. Walimkimbiza hospitali, akatibiwa, akapona. Tulishukuru wote. Lakini mwanamke aliyemshika mwanawe akitetemeka namna ile harudi sokoni akiwa yuleyule, na hilo simlaumu. Ninachomlaumu ni swali alilorudi nalo: "Alijuaje?"

Swali dogo tu. Likazunguka meza za nyanya, likapita kwa wauza viatu, likarudi limenenepa. Alijuaje? Alimtazama machoni, si amesema mwenyewe? Wapi? Redioni! Mimi nikawaambia ule ni mchezo, jamani, hata yule aliyekuwa hakimu ni mwuza simenti. Wakanijibu kwa methali niichukiayo kuliko zote, lisemwalo lipo, kama halipo laja. Ukishaambiwa hivyo umekwisha, maana hata usichokifanya kiko njiani.

Na kipindi cha sita, ambacho kingetusaidia, hakikurushwa. Siku yake ilipofika kulikuwa na mpira, wakarusha mpira. Wiki iliyofuata mpira tena. Soko likabaki na mwanamke aliyekiri na hajafuta. Mama mmoja akamtoa mtoto wake kwa shangazi, mwingine akasema amepata ndugu wa kumlelea, mwingine hakusema kitu. Chumba kikabaki na mikeka.

Mwenyekiti wa soko akaita kikao, Jumapili mchana, mlemle chumbani, kwa kuwa chumba kilikuwa mali ya soko. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka tu Jumatatu iwe Jumatatu. Walikuja akina mama, akaja fundi cherehani wa chumba cha pili, akaja baba yangu, mdogo wake shangazi, amevaa shati la msibani.

"Hatukuiti chochote, mama," mwenyekiti alianza. "Kuna mtu hapa ametaja lile neno? Hakuna."

Ni kweli, hakuna aliyelitaja. Wote walilizunguka kama dimbwi.

Kisha akamwuliza fundi cherehani alichosikia. Sasa, yule fundi ni mtu mwaminifu hasa. Ukimpa kitambaa anakurudishia hadi vipande. Alisimama, akavua miwani, akasema kweli yote.

"Mimi nilisikia kupitia ukutani. Si redioni. Alisema, 'Ni mimi, nilimtazama mtoto wao machoni.' Alirudia mara nyingi."

"Alikuwa anajifunza mchezo!" nikaropoka.

"Fundi, alisema ni mchezo?" mwenyekiti akauliza.

"Hakusema. Alikuwa peke yake."

"Eee," mwenyekiti akasema taratibu. "Na mtu akiwa peke yake anamwigizia nani?"

Watu wakaguna. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya mkweli aliyesikia nusu, ndugu zangu, haina mwisho. Kila kilichosemwa chumbani mle kilikuwa kweli: maneno aliyasema, mtoto alitetemeka, macho aliyatazama. Ungeweza kuwaapisha wote.

Mwenyekiti akapanguza jasho. "Mama, hatutaki makubwa. Hatutaki polisi, hatutaki fedheha. Wewe sema tu, 'Nisameheni.' Neno moja. Akina mama watarudisha watoto, chumba ni chako, tumemaliza. Sema yaishe."

Sema yaishe. Hakuna nyumba ambamo neno hilo halijatumika. Mume na mke wakigombana, sema yaishe. Majirani wakigombea maji, sema yaishe. Hakuna anayeuliza nani mkosa. Anayesema ndiye mtu mzima, na chai inamiminwa. Nilitazama nyuso na nikaona wanampenda. Walitaka arudi. Walikuwa wanamnyooshea mkono kabisa, na mimi mwenyewe, Mungu anisamehe, nilitamani aushike.

"Dada," baba akasema kwa sauti ndogo, "kusema si kazi. Hao watoto ndio maisha yako. Sema yaishe."

Shangazi alikuwa ameketi juu ya beseni lililogeuzwa, goti bovu amelinyoosha. "Nisamehewe nini?"

"Chochote," mwenyekiti akasema. "Si lazima utaje."

"Nikivunja kikombe naomba msamaha wa kikombe. Hiki mnachonipa kinaitwaje?"

Akamgeukia Mama Vitunguu. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma.

"Mwanangu, nilimwona mtoto ana homa, nikakwambia. Nilikosea kukwambia?"

Mama Vitunguu alitazama vidole vyake.

"Nikisema nisameheni leo, mnarudisha watoto kesho. Sawa. Keshokutwa nikaona mwingine macho yake hayako sawa. Nimwambie mama yake, au ninyamaze afe? Nikisema, nimeloga. Nikinyamaza, nimeua. Na safari hiyo hamtahitaji redio, nitakuwa nimeshakiri hapa mbele yenu wote."

"Dada, watu hawatafika huko," baba akasema.

"Mmeshafika," shangazi akasema. "Kule redioni nilisema uongo kwa sababu ni kazi na kila mtu alijua. Hapa siwezi. Ningeweza, ningesema, maana nawataka hawa watoto kuliko mnavyodhani."

Alisimama kwa kushika ukuta, akatoa ufunguo mfukoni, akamwekea mwenyekiti kiganjani, na kumwelekeza kwamba komeo la juu lina tabia ya kukwama, alisukume kwanza kabla ya kulivuta. Baba alitoka nje akasimama akitazama ukutani. Hakuzungumza na mimi hadi nyumbani, kana kwamba ni mimi niliyemnyima dada yake ulimi.

Shangazi akarudi kufua. Alifua nguo za watu uani kwetu, ameketi, goti limefungwa kitambaa. Habari za watoto hakuzitaja. Ila jua likifika mahali fulani alikuwa ananyamaza, anahesabu kimoyomoyo nani angekuwa anachukuliwa saa hiyo.

Mimi nilikuwa nimebakiwa na tumaini moja, kipindi cha sita. Nilimfuata mtayarishaji kama deni. Nikamwambia mpira ulituponza, warushe kile kipindi, watu wasikie mwenyewe akikana, kwa sauti ileile waliyoiamini. Alikubali kwa aibu, wakatangaza siku na saa. Nikatengeneza bure kila redio mbovu ya sokoni. Aliyekosa betri nilimpa. Shangazi nilimwambia aje kununua sabuni saa hiyo. Sikumwambia kwa nini, naye hakuniuliza, ingawa alivaa gauni lake zuri.

Tulisimama pembeni, nyuma ya magunia ya viazi. Soko lilinyamaza. Ikaja ile sauti, safari hii si chini chini: "Sikufanya. Jana nilisema uongo kwa sababu niliogopa kufa. Leo bado naogopa. Lakini sikufanya, na mtoto yule nilimpenda."

Nikaona mwuza ndizi anajifuta machozi. Nikamwona mwenyekiti ametega sikio, mkono kifuani. Kila mtu alikuwa ameguswa, kila mtu! Nikajiambia: wamesikia, yamekwisha. Mama Vitunguu alikuwa ameketi kwenye meza yake, yule mtoto mapajani, amepona, amenenepa tena. Mtoto aliposikia sauti aliruka. "Bibi!" akaita, akashika redio kwa mikono miwili, akaigeuza kutafuta mlango. "Bibi!"

Mama yake akapangusa macho kwa kiganja, akamgeukia mwuza ndizi.

"Jamani," akasema, na sauti yake ilijaa sifa tupu, "huyu mama anajua kuigiza! Utadhani kweli hakufanya."

"Eee, ana kipaji," mwuza ndizi akasema.

Nilitaka kutoka nipindue meza ile, vitunguu vitawanyike soko zima. Shangazi alinikamata mkono. Mtoto alikuwa ameacha redio, sasa anaangaza huku na huku, anatazama nyuso za watu moja moja, na alikuwa anageukia upande wetu. Shangazi akainama nyuma ya magunia, yeye na goti lake, akanivuta chini.

"Twende," akaninong'oneza. "Akiniona atanikimbilia, na mama yake atampiga."