Waya Kwanza

Miaka ishirini na mitatu Mama Pampu amesimama nyuma ya kaunta ileile ya vipuri vya magari, akiwauliza wateja swali lilelile. Siku hiyo miguu ilikuwa imemvimba, na mdomo umechoka kuliko miguu.

Shemeji yake, mdogo wa mumewe, aliingia akipiga mluzi. Kesho yake alikuwa na mashindano ya magari.

"Shemeji, nipe pampu ya mafuta iliyo kubwa kuliko zote."

"Waya wa pampu umebadilisha?"

"Waya wa nini? Mimi nataka mbio, sitaki taa!"

Mama Pampu alitamani amuuzie tu, akakae. Lakini alijua mwisho wake: pampu kubwa hula umeme mwingi, waya mwembamba uliotoka na gari kiwandani hupata moto, na moto ukifika kwenye tangi la petroli haupigi hodi.

"Waya mnene kwanza, pampu baadaye. Sitaki kwenda kumweleza kaka yako kwamba nimekuunguza."

"Basi naenda duka la pili. Kule hawatoi mitihani."

Akatoka. Mama Pampu alivuta kigoda, akaketi, akafumba macho.

Hata miguu haijapoa, shemeji akarudi amenywea.

"Na yule naye kaniuliza waya."

"Angeachaje? Si nilimfundisha mimi," alijibu bila kufumbua macho. "Waya uko kwenye rafu, nyuma yako. Jikatie mwenyewe mita nne, shemeji. Mimi leo siinuki tena."