Watu wa Geita Waliomzika Mama

Katika mkutano wa sungusungu, walinzi wa jadi, kijijini kwetu nje kidogo ya Tinde, nilikubali dada yangu atengwe. Niliulizwa mimi kwanza, mbele ya wanaume wote, kwa sababu nilikuwa ndugu yake wa damu na nilikuwa nimesoma hadi kidato cha nne. Ndugu akikataa, shauri la namna ile huahirishwa, na likiahirishwa hasira hupoa. Nililijua hilo. Nikasema, "Kijiji kikiamua, mimi ni nani nipinge?" Mikono yote ikainuka.

Kosa la dada lilikuwa hili. Waganga wa rambaramba walikuja wakapita nyumba kwa nyumba, wakichimbua sakafu kutafuta uchawi. Mimi niliwafungulia, ingawa Jumapili nilikuwa nasoma masomo kanisani. Dada alisimama mlangoni kwake akawaambia kwamba nyumba ile imeshaombewa, na zaidi ya hapo, sakafu ameisiriba juzi tu na hataki mtu aivuruge. Wengine walicheka. Waganga hawakucheka.

Aliyetengwa kwetu hasalimiwi. Hapewi moto, hasagiwi nafaka mashineni, na akifiwa hakuna wa kumsaidia kuzika. Atakayevunja analipa ng'ombe. Mama yetu mzee alikuwa akiishi kwa dada. Jioni ile, kabla amri haijaanza, nilikwenda kumwomba ahamie kwangu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema hawezi kumwacha mtoto wake peke yake, na akaniuliza kama nimekula.

Tangu hapo nilipopeleka ng'ombe malishoni nilipita mbele ya uwanja wao nikiwa nimekaza macho kwenye migongo ya ng'ombe. Mama, aliyekuwa ameanza kuugua, alikuwa akikaa nje akiota jua. Nilijua ananiona.

Alifariki wakati wa mvua. Asubuhi nilisikia kilio cha dada, sauti moja tu, hakuna aliyeitikia. Nilivaa viatu, nikavivua, nikavivaa tena. Niliwaza ng'ombe watakaochukuliwa, na niliwaza zaidi kwamba nyumba itakayofuata kutengwa ni yangu. Nikabaki uani kwangu.

Mchana lori lililobeba wachimbaji wadogo waliokuwa wakienda machimbo ya upande wa Geita lilizama kwenye tope karibu na kwangu. Wakati dereva anahangaika, vijana wale walisikia kilio na kuona wanawake watatu, dada na binti zake, wakichimba kaburi kwenye mvua. Wakaja kwangu kuomba majembe. Mmoja, mwenye kofia ya Kiislamu, aliniamkia kwa heshima, kisha akauliza marehemu ni nani.

"Ni jirani," nikasema.

"Basi pole, mzee. Sisi kazi yetu ni kuchimba. Leo tutachimba bila kutafuta kitu."

Nikawapa jembe langu na sururu. Nikawatazama wakivuka shamba, nami nikarudi kukaa.

Waganga wale baadaye walifukuzwa na serikali, na amri ya kijiji ikafa bila mtu kuitangaza. Watu wakaanza kumsalimia dada mmoja mmoja, kama vile alikuwa amerudi safari. Mimi nilichelewa kuliko wote. Siku niliyokwenda nilisimama nje ya uwanja, nikatoa salamu ya Kisukuma, "Mwadila, dada," nikiwa tayari kwa ukimya, kwa sababu ndio niliokuwa nimempa.

"Mwadila," akajibu. Akaleta kigoda, akaleta maji. Niliyanywa yote. Mwishowe nikamuuliza kama mama alinilaani.

"Kila jioni alikuwa akiuliza kama umekula," alisema. "Ningemjibu nini? Nikamwambia umekula."

Kisha akanisimulia maziko. Vijana walichimba hadi kina kinachostahili, wakawazuia binti zake wasiingie tena kwenye tope. Mmoja wao, Mkristo kutoka Runzewe, aliongoza sala, na yule wa kofia alishuka kaburini kumpokea mama, akamlaza taratibu kama mtu anayelala usingizi. Walipomaliza waliosha majembe, wakala ugali uliokuwepo, wakaenda.

"Nilimwomba Mungu aniletee kaka yangu," dada alisema. "Akaniletea watu wa Geita. Alinisikia."

Nimesikia mahubiri mengi juu ya huruma ya Mungu, na mengine niliyasoma mimi mwenyewe mbele za watu. Lakini ninapoomba, ninayemkumbuka ni yule kijana aliyeshuka kwenye tope kwa ajili ya mama asiyemfahamu. Mungu hakusubiri mimi nipate ujasiri. Aliwafikia mama na dada kwa njia nyingine, na wala hakunitupa mimi. Sasa mke wangu hayupo tena duniani, na dada ndiye anayeniletea michembe, viazi vilivyokaushwa, na maziwa, na Jumapili tunakaa benchi moja. Nashukuru kwa kila salamu yake, maana najua uzito wa salamu isiyotolewa.

Wale vijana sikuwaona tena. Jembe langu walilirudisha likiwa safi, wakaliegemeza ukutani. Lilifika kaburini kwa mama yangu, mimi sikufika. Neno nililosema mkutanoni lilinigharimu hilo: mama aliugua mbele ya macho yangu nisimsalimie, akafa, na mimi mwanawe wa pekee wa kiume sikumzika.