Jina Lililoandikwa kwa Ndani

Mjomba wangu Kida Shunsaku ni fundi wa meno ya bandia. Chumba chake cha kazi kiko nyuma ya nyumba yetu hapa Shizuoka, na ukiitazama meza yake hujui kazi inaishia wapi na mchezo unaanzia wapi. Taya la nta la bibi fulani limelala kando ya magurudumu manne ya mpira. Kibano kinachoshika jino asubuhi ndicho kinachoshika skrubu ya gari mchana. Magari yenyewe ni madogo, hayazidi urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole, na huendeshwa kwa rimoti. Kwa miaka arobaini amekuwa akiyaunda, akiyapaka rangi, akiyavunja uwanjani Jumapili na kuyatengeneza Jumatatu.

Miaka yote hiyo mshindani wake alikuwa mmoja, Isogai, mwenye duka la mchele karibu na Mto Abe. Hawakuitana kwa majina. Isogai alimwita mjomba "Meno", na mjomba alimwita "Mchele".

Miaka mitatu iliyopita, kwenye kona ya mwisho, gari la mjomba liliparamia gari la njano la Isogai na kulipasua bodi kutoka puani hadi mkiani. Ilikuwa bodi ya gari la kwanza alilonunua Isogai ujanani, na aina ile haitengenezwi tena. Aliokota vipande, akavifunga kwenye taulo, akaondoka. Hakurudi uwanjani. Mjomba aliamini amesusa. Mara mbili alifika mpaka mlangoni pa duka la mchele, na mara mbili alirudi nyumbani na mfuko wa mchele alionunua kwingine.

Mwezi wa tano mwaka huu mke wa Isogai, Fusae, alipiga simu. Nilikuwa nakunywa chai mezani, na sauti yake niliisikia mpaka nilipokaa.

"Shemeji, hakukukasirikia hata siku moja. Ugonjwa wa tumbo ulikuwa umeshaanza."

"Mbona hamkuniambia?"

"Alinikataza. Alisema utakuja na sura ya msiba, uanze kumwachia ushindi. Sasa daktari anasema tuhesabu siku. Na yeye analiulizia gari. Haniulizii mimi, analiulizia gari. Anataka aione ile njano mara moja tu."

Mjomba alikata simu, akapanda kwenye stuli, akatoa kabatini boksi lililofifia. Ndani yake kulikuwa na bodi ya plastiki angavu kama kioo, ya aina ileile, ambayo haijawahi kuguswa na rangi. Aliipata mwaka jana kwenye duka lililokuwa linafungwa kule Hamamatsu. Alikuwa akiitunza mpaka apate ujasiri wa kuomba radhi.

"Ni hii tu," aliniambia. "Nikiiharibu, hakuna nyingine."

Fusae alituletea chasisi ya zamani, ile sehemu ya chini ya gari. Gia zilikuwa zimelika, nyaya zimeota kutu ya kijani, shokabu zinavuja mafuta. Mjomba alifuta kazi zote za meno za wiki hiyo. Alilehemu nyaya upya, akabadilisha beringi, akafungua mota na kuipiga brashi. Siku ya tatu magurudumu yalizunguka yakilia kama nyuki, naye hakutabasamu. Alikuwa akifikiria rangi.

Bodi hizi hupakwa kwa ndani. Plastiki yenyewe ndiyo inayoilinda rangi, ili gari likigonga ukuta lisichubuke. Kwa hiyo mpango wote hugeuka: kinachotakiwa kuonekana juu kabisa ndicho hupakwa kwanza. Kwanza herufi, kisha mistari, kisha rangi ya bodi, na mwisho nyeupe ya kuziba nyuma. Ukishapita hatua moja, umeizika chini ya nyingine.

Alianza na jina, ubavuni, pale Isogai alipoliweka siku zote. Alichukua kadi ya mwaka mpya ambayo Isogai aliwahi kumtumia, akaiegemeza kwenye kopo la nta, na kulinakili jina kwa brashi ya nywele tatu. Herufi ya kwanza ya jina lile ina mistari mingi, na baada ya kila mstari alifuta brashi na kuichovya upya. Nilimpelekea tonge la wali lililofungwa kwa mwani.

"Mjomba, kula kwanza."

"Usinisemeshe, niko kwenye mstari wa kumi na mbili. Ni kumi na saba yote."

Baada ya jina akapaka mistari myekundu. Akapuliza njano mara tatu, kila mara kwa wembamba, akikausha kwa mashine ya nywele za mama. Akamaliza kwa nyeupe. Nje bodi yote ilikuwa imefungwa karatasi na selotepu ili rangi isipenye.

Jumamosi kabla ya adhuhuri tulibandua karatasi, yeye upande wake na mimi wangu. Njano ilitokea iking'aa kama imemwagiwa maji. Kisha likatokea jina, nami nikalisoma mara mbili.

"Kotone, unaangalia nini? Imepasuka?"

"Hapana, mjomba."

"Sasa?"

Niliigeuza bodi aone. Jina la Isogai lilikuwa kinyume, kama linavyosomwa na mtu aliye upande wa pili wa dirisha la duka.

Ni kosa la mtoto anayeanza: kinachoandikwa kwa ndani lazima kiandikwe kinyume ili kisomeke kwa nje. Lakini katika maandishi yetu jina la Kida lina herufi mbili tu, na kila moja ina upande wa kulia na wa kushoto sawasawa. Uziandike mbele, uziandike nyuma, ni zilezile. Mwenye jina la namna hiyo anaweza kuandika ndani ya bodi miaka arobaini bila kulazimika kugeuza kitu hata mara moja. Ndivyo ilivyokuwa kwake.

Mjomba aliketi sakafuni, mgongo ukiegemea kabati la meno. Sote wawili tulikuwa tukiwaza jambo lilelile. Kwetu vitu hugeuzwa kwa ajili ya maiti. Bibi alipofariki tulimfunga vazi lake kwa upande usio wake, na kando yake tukaisimamisha skrini ya kukunja kichwa chini. Hakuna anayemfanyia hivyo mtu aliye hai, hata kwa mzaha.

"Lete thina ya kufutia rangi," alisema.

Alichovya kijiti cha pamba, akajaribu kidogo kwenye ukingo wa mkia. Plastiki ile ya miaka mingi ikageuka nyeupe kama maziwa papo hapo, na mstari mwembamba wa ufa ukatembea kama unywele. Akaacha. Akakata kipande cha selotepu ya njano, akaandika jina juu yake sawasawa na kulifunika lile jingine. Lilionekana kama bandeji. Akalibandua. Akabandika tena, akabandua tena.

Simu ikalia. Alikuwa Fusae. "Shemeji, njoo sasa hivi. Leo amefumbua macho vizuri. Kesho sijui."

Mimi niliendesha. Mjomba alilipakata gari kwenye mapaja njia nzima, akiuziba ule ubavu kwa viganja.

Fusae alitupokea kwenye korido ya ghorofa ya tatu ya hospitali. Alikuwa amekonda kama yeye ndiye mgonjwa. Alinyoosha mikono kulipokea gari, na mjomba akashindwa kukataa. Nililiona jicho lake likifika kwenye jina.

"Hiki nini?"

"Shemeji, nimekosea. Nili..."

"Mume wangu bado anapumua, Shunsaku! Bado anapumua, na wewe umeshamvalisha kama maiti!"

Muuguzi mmoja aligeuka. Mjomba alipiga magoti pale pale kwenye sakafu ya plastiki, kipaji cha uso kikagusa chini.

"Nipige, shemeji. Lakini niache niingie."

"Ingia. Hili haliingii."

Tuliingia mikono mitupu. Isogai alikuwa mdogo sana kitandani, lakini macho yalikuwa yaleyale ya uwanjani.

"Meno. Umechelewa. Gari liko wapi?"

"Rangi haijakauka, Mchele. Kesho."

"Mwongo. Ungekuwa umeacha rangi mbichi nyumbani usingekuja, ungekuwa umekaa unaipepea." Akapumzika. "Njano gani umeniwekea? Isije ikawa ile yako iliyopauka kama achari ya figili."

Nilidhani mjomba ataendelea kudanganya, kwa sababu kudanganya kulikuwa rahisi na mgonjwa alikuwa amechoka. Badala yake alishika chuma cha kitanda kwa mikono miwili.

"Nimeandika jina lako kinyume. Bodi ilikuwa moja tu. Nimejaribu kufuta, haifutiki. Nimeivunja ya kwanza, na hii nimeifanya ya... Nisamehe."

Mashine kando ya kitanda ilihesabu mapigo ya moyo.

"Lina magurudumu?" Isogai aliuliza.

"Linayo."

"Betri?"

"Imejaa. Itakaa dakika kumi."

"Basi shuka ukaliendeshe. Gari likikimbia nani anasoma jina?"

Mjomba alimtazama Fusae aliyekuwa amesimama mlangoni, gari kifuani, jina likiwa limegeukia kwake. Fusae alilia bila sauti. Kisha akamkabidhi, bila kumtazama usoni.

Chini ya dirisha kulikuwa na uwanja wa kuegesha magari, nusu tupu. Fusae aliingiza mkono chini ya shingo ya mumewe na kumwinua, mimi nikaongeza mto. Tuliona kile kitu cha njano kikitoka kati ya magari makubwa, kikaenda moja kwa moja mpaka ukutani, kikageuka kwa kuteleza na kuinua gurudumu moja.

"Anakata kona kama mwizi," Isogai alisema. "Vilevile."

Mzunguko wa pili aliufuata kwa macho. Wa tatu sina hakika. Wa nne macho yalikuwa yamefumbwa, na mashine ilikuwa ikihesabu polepole. Fusae hakumlaza.

"Nimwite mjomba?" nilinong'ona.

"Usimsimamishe," alisema. "Usimwambie kitu."

Mjomba aliendelea. Kila alipomaliza mzunguko aliinua uso kututafuta dirishani, na mimi sikuwa na ishara yoyote ya kumpa. Alizidi kulikimbiza. Nilijua anahesabu betri, kwa maana midomo yake ilikuwa inachezacheza kama siku ile ya mistari kumi na saba. Kisha gari likaanza kulegea. Likapita kona bila kuteleza. Likatambaa. Likasimama katikati ya uwanja, ubavu wake umetuelekea, herufi nyeusi juu ya njano, wazi kabisa mpaka ghorofa ya tatu.

Mjomba aliiweka rimoti chini. Alitembea haraka mpaka kati ya gari na dirisha letu, akasimama pale wima, miguu pamoja, mgongo wake kwetu, ili tusilisome lile jina.