Mlango wa Mfalme

Mwanangu Wahbu ni mchonga makaburi, kama marehemu baba yake, ambaye alianguka kutoka mwambani. Hapa Raqmu, mji wetu wa miamba, kaburi huchongwa kuanzia juu. Mchongaji huning'inia kwa kamba, huanza na taji, kisha hushuka nalo kidogo kidogo. Mlango huwa wa mwisho. Kaburi la mfalme lilikuwa limefika mabegani tu, chini kidogo ya taji, mwenyewe alipofariki, na askari wa Rumi wakaingia mjini. Kazi ikasimamishwa. Mfalme akalazwa kwa muda katika kaburi la shangazi yake, nao wachongaji wakaenda kuwapasulia wageni mawe ya barabara.

Wahbu hakwenda. Kila asubuhi alipanda mwambani peke yake. Alisema kuna mtu anatembea huko juu, anapapasa jiwe, anatafuta pa kuingilia. Akaacha kula. Mikono ikaanza kumtetemeka, na kamba haina huruma na mikono ya namna hiyo.

Nikapanda na mkate na tende hadi kwenye ukingo mwembamba wa mwamba alipokuwa amesimama.

"Mama, hata wewe? Mbuzi umemwachia nani?"

"Wana akili kukushinda, watajichunga. Shuka ule."

"Nikishuka atabaki nje."

"Mfalme ana ukoo mzima wa kumlilia. Mimi nina wewe."

Aligeuza uso juu. Alikuwa ametega sikio, nami nikajikuta nimetega pia. Nikasema upesi, "Basi mchongee mlango sasa. Kule chini, ukiwa umekanyaga mchanga."

Alinitazama kama niliyemwambia amzike mtu kichwa chini miguu juu. Lakini alishuka.

Aslah, fundi aliyemfunza, akapita akacheka. "Kichwa juu, mlango chini, katikati mwamba mtupu. Wahbu, hiyo ni nyumba au ni tusi? Jiwe la kwanza likidondoka kutoka juu litauvunja huo mlango. Nani atakupa kazi tena?"

"Mwache, Aslah," nikamwambia. "Yuko chini."

Sasa nyuma ya mlango pana chumba cha kumtosha mtu mmoja, na Wahbu hapandi tena wala hatetemeki. Mchana nampelekea bakuli la dengu. Hula akiwa amenipa mgongo, nusu huibakiza na kuisukuma ndani gizani. Nikirudi kuchukua bakuli, nalikuta mlangoni, tupu.

Mwanangu anakula. Ile nusu nyingine sijamuuliza.